Nyumba jirani na chuo kikuu: tuuze, tubaki, na tukidai nini?

Swali la msomaji: "Nilizaliwa na kukulia katika mtaa unaopakana na kampasi ya chuo kikuu, na sasa ninaishi na mume wangu na watoto wetu wawili katika nyumba niliyoachiwa na wazazi. Katika miaka ya karibuni majirani wengi wameuza nyumba zao, na wanunuzi wamezigawa vyumba vya kupangisha wanafunzi. Usiku kuna kelele, muhula ukiisha takataka hujaa njiani, na likizo ikianza mtaa huwa kimya kana kwamba watu wote wamehama. Chuo kimetangaza kwamba kitaongeza udahili na kujenga majengo mapya ya kufundishia, na halmashauri imetuita wakazi kutoa maoni. Je, tuuze tuhame, au tubaki? Na tukibaki, tudai nini katika kikao hicho?"

Jibu la mtaalamu wa mipango miji

Dada msomaji,

Umeuliza maswali mawili, nami nitaanza na la mwisho, kwa kuwa uamuzi wa kuuza au kubaki unategemea sana yale ambayo mtaa wenu utayapata au kuyakosa katika kikao hicho. Niseme msimamo wangu mapema. Sehemu kubwa ya kero ulizozitaja inatokana na jambo moja linalohesabika, nalo ni kwamba chuo kinadahili watu wengi kuliko kinaoweza kuwalaza, na pengo hilo linazibwa na nyumba za mtaani kwenu. Kelele za usiku, takataka za mwisho wa muhula, nyumba kukatwakatwa vyumba na ukiwa wa likizo, yote yanatoka hapo. Wakazi wanaofika kikaoni kulalamikia tabia za vijana kwa kawaida huambulia ahadi ya semina za ujirani mwema, ilhali hesabu ya vitanda ikiwekwa mezani, chuo na halmashauri hulazimika kuijibu kwa hesabu nyingine.

Jambo hili ni la kale. Vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya havikuwa na kampasi. Vilikuwa makundi ya walimu na wanafunzi waliopanga vyumba kwa wenyeji na kusomea katika kumbi za kukodi, kwa hiyo ugomvi kati ya chuo na mji mara nyingi ulikuwa ugomvi wa kodi ya nyumba. Mjini Bologna, Italia, wanafunzi wengi walikuwa wageni wasio na haki za raia wa mji, wakaunda vyama vyao, na silaha yao kubwa ikawa kuhama. Mwaka 1222 kundi lao liliondoka, na kutokana na kuhama huko kikaanza chuo cha Padua. Mji uliopoteza wanafunzi ulipoteza wapangaji na wateja, na kwa sababu hiyo Bologna ilikubali kodi za vyumba zipangwe na wakadiriaji kutoka pande zote mbili. Mjini Paris, mwaka 1229, ugomvi ulioanza juu ya malipo ya mvinyo uliishia kwa askari kuua wanafunzi. Walimu wakasimamisha masomo na kutawanyika kwa takriban miaka miwili. Papa Gregory IX alipotoa hati yake mwaka 1231 ili kuumaliza mgogoro huo, miongoni mwa haki alizowathibitishia ni kusimamisha mihadhara iwapo wangenyimwa makadirio ya haki ya kodi za nyumba.

Oxford ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu tutairudia tutakapofika kwenye madai yenu. Mwaka 1209, baada ya mwanamke mmoja kuuawa na mwanafunzi aliyeshukiwa kutoroka, watu wa mji waliwanyonga wanafunzi waliokuwa wakiishi naye. Wengine walikimbia, na baadhi yao wakafika Cambridge na kuanzisha chuo kilichopo hadi leo. Amani ilipopatikana mwaka 1214, hati ya mjumbe wa papa iliwaamuru wenyeji wasamehe nusu ya kodi za nyumba za wanafunzi kwa miaka 10. Kisha, tarehe 10 Februari 1355, ugomvi wa mvinyo katika kilabu kimoja uligeuka mapigano ya siku kadhaa ambamo takriban wanachuo 63 waliuawa, pamoja na wenyeji kadhaa. Mfalme alikipa chuo mamlaka makubwa juu ya soko na vipimo vya mji, na meya akatakiwa kufanya toba ya hadhara kila mwaka, sharti lililodumu hadi mwaka 1825. Ninayataja haya kwa sababu yanaonyesha hatari ambayo wakazi na vyuo huisahau kwa zamu: upande mmoja unaposhinda kabisa, mgogoro hauishi, bali hurithiwa na watoto na wajukuu.

Vyuo vyenyewe vilitambua mapema kwamba malazi ni sehemu ya kazi yao. Mwaka 1180 ilianzishwa mjini Paris nyumba ya kulaza wanafunzi maskini 18, na koleji ya Robert de Sorbon, iliyoanzishwa mwaka 1257 na ambayo jina la Sorbonne limetokana nayo, nayo ilianza kama mahali pa kuwapa makazi wanafunzi wa teolojia wasio na uwezo. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, jiji hilohilo lilipokuwa na uhaba mkubwa wa vyumba, likaanzisha mwaka 1925 mji mzima wa mabweni uliowapokea wanafunzi wa mataifa mbalimbali. Kwa hiyo atakayewaambia kikaoni kwamba chuo ni mahali pa kufundishia tu, na kwamba malazi ni shauri la soko, atakuwa anakwenda kinyume na historia ya vyuo vyenyewe.

Sasa tuangalie namna mtaa unavyobadilika, maana bila kuielewa mtadai dawa isiyofaa. Chukulia nyumba yenye vyumba vinne vya kulala. Familia inaipanga kwa kodi moja inayotokana na mshahara mmoja au miwili, na inahitaji vyumba hivyo vyote kwa watoto wake. Wanafunzi wanne huilipia kodi nne ndogo, kila mmoja kwa chumba chake, na sebule ikigeuzwa chumba zinakuwa tano. Jumla ya kodi hizo ndogo huizidi kodi ya familia, na kwa kuwa bei ya nyumba hufuata kodi inayoweza kuzaliwa humo, nyumba ikitangazwa kuuzwa mwekezaji ana uwezo wa kutoa zaidi ya familia. Hakuna mtu aliyefanya uovu katika hesabu hiyo. Jirani yako aliyeuza alipata bei nzuri kuliko alivyotarajia, na mnunuzi alifanya alichofanya kwa kufuata sheria. Lakini uamuzi huo ukirudiwa nyumba baada ya nyumba, shule ya msingi ya mtaa hupungukiwa na watoto, darasa moja huunganishwa na jingine, mzazi mwenye mtoto mdogo hukata shauri kuhamia penye shule iliyochangamka, na nyumba yake naye hununuliwa na mwekezaji. Ikifika hapo, mtaa unabadilika wenyewe bila kusukumwa na mtu.

Mtaa wa Headingley katika jiji la Leeds, Uingereza, ni mfano unaojulikana sana miongoni mwetu tunaofanya kazi hii. Vyuo vya Leeds vilipokua bila mabweni ya kutosha, Headingley ikajaa nyumba za wanafunzi, familia zikapungua, na shule yake ya msingi ikafungwa. Jengo la shule hiyo baadaye likageuzwa kituo cha jamii kwa juhudi za wakazi wenyewe. Nawasifu wakazi hao kwa moyo wote. Hata hivyo, kituo cha jamii si shule, na familia iliyokwisha kuhama hairudi kwa sababu ya ukumbi wa maonyesho.

Kuna jambo la pili linalofanya kazi pamoja na la vitanda, nalo ni kalenda. Mtaa wa chuo hauishi mwaka wa kawaida. Karibu kila mtu hufika katika juma moja na huondoka katika juma moja, na ndiyo maana takataka zinawalemea: gari la taka limepangwa kwa uchafu wa kila siku, si kwa magodoro na meza za mamia ya watu wanaohama kwa pamoja. Mfanyabiashara naye hulipa kodi ya miezi 12 kwa mapato ya miezi minane au tisa, kwa hiyo maduka ya mahitaji ya familia hufungwa na kubaki yale yanayoweza kuvuna kwa haraka wakati wa muhula. Mwaka 2020, vyuo vilipofunga kampasi kwa ajili ya ugonjwa wa Uviko-19, mitaa ya namna hii katika nchi nyingi ilipata likizo isiyo na mwisho unaojulikana, na hapo ikaonekana ni kwa kiasi gani ilikuwa imemtegemea mteja mmoja. Tena, wapangaji hawa hubadilika kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Kijana uliyezungumza naye mwaka jana kuhusu muziki wa usiku alikuelewa, akajirekebisha, akahitimu, akaondoka. Mwaka huu unaanza upya na mwingine. Uchovu ninaousoma katika swali lako ni wa haki kabisa, nao unatokana zaidi na mzunguko huo kuliko ubaya wa kijana yeyote.

Naomba pia usiyasahau mliyoyapata, maana kikaoni yatatajwa na upande wa pili na ni vizuri muwe mmeyapima wenyewe. Chuo ni mwajiri asiyehamisha kiwanda chake. Hata uchumi unapodorora, mishahara ya wahadhiri, mafundi, wahudumu wa maktaba na walinzi huendelea kulipwa na kutumika karibu. Pale chuo kinapokuwa na shule ya tiba, mara nyingi hospitali kubwa huwa jirani. Watoto wako wanakua wakiona watu wakibeba vitabu na kubishana mambo ya maana, na hilo, kwa maoni yangu, lina thamani ambayo mitaa mingi ya kitajiri haiwezi kuinunua. Ni sahihi kudai mpate zaidi ya hayo. Si sahihi kusema hampati kitu.

Tufike basi kwenye madai. La kwanza na kubwa kuliko yote ni kuufunga udahili kwenye vitanda. Oxford, mji uleule wa kodi za mwaka 1214, uliweka katika mpango wake mkuu wa mwaka 2011 sharti kwamba kila kimoja kati ya vyuo vikuu vyake viwili kisiwe na zaidi ya wanafunzi 3,000 wa masomo ya muda wote wanaoishi nje ya malazi yanayotolewa na chuo. Kama kingevuka kiwango hicho, kibali cha majengo mapya ya kufundishia kingezuiwa. Tazama uzuri wa sharti hili. Halimtaji mwanafunzi kama tatizo, halimkatazi mtu kukua, na linapimika kila mwaka kwa kuhesabu tu. Chuo chenu kinataka kibali cha majengo ya kufundishia, na hapo ndipo penye nguvu yenu: ombeni kibali kitolewe kwa awamu, na awamu ya pili isianze mpaka vitanda vya awamu ya kwanza viwe vimejengwa na vinalaliwa. Ulizeni pia atakayejenga mabweni hayo ni nani na kodi itapangwa na nani, kwa sababu majengo ya kampuni binafsi mara nyingine hulenga wanafunzi wenye uwezo tu, na wale wa kawaida wakaendelea kubanana katika nyumba za mtaani kwenu kama kwamba hakuna kilichojengwa.

Dai la pili ni la halmashauri zaidi kuliko chuo, nalo ni kudhibiti ugeuzaji wa nyumba. Uingereza mwaka 2010 iliitenga katika sheria za matumizi ya ardhi nyumba inayokaliwa na watu watatu hadi sita wasio wa familia moja, na halmashauri zikapewa njia ya kuamuru kwamba nyumba ya familia isigeuzwe ya namna hiyo bila kibali. Leeds na Nottingham ni miongoni mwa zilizoitumia. Dawa hii ina mipaka yake, kwani inazuia nyumba zijazo na haiwezi kurudisha zilizokwisha kugeuzwa. Mtaa ambao tayari umegeuka kwa sehemu kubwa haupati nafuu kubwa kutoka kwayo, na wakati mwingine humfunga mkazi wa mwisho ndani ya nyumba asiyoweza kumuuzia familia wala mwekezaji. Kwa hiyo iombeni ikiwa bado mna familia za kutosha, na ombeni iambatane na leseni na ukaguzi wa vyumba, jambo litakalowasaidia wapangaji wenyewe.

Hapo nataka nikawie kidogo, maana wakazi wengi hukosea kwa kuwaona wanafunzi kuwa wapinzani. Kijana anayelipia chumba chenye unyevu ukutani, kwa mwenye nyumba ambaye hajawahi kumwona, anaumizwa na uhaba uleule unaokuumiza wewe. Akipata kitanda cha bei ya haki ndani ya kampasi, wengi kama yeye wangekichukua. Serikali ya wanafunzi ni mshirika wenu wa asili katika dai la vitanda, na chuo ambacho kimezoea kuwajibu wakazi kwa kusema kwamba wanawachukia vijana hakitakuwa na jibu iwapo wakazi na vijana wataingia ukumbini wakisema neno moja. Zaidi ya hayo, msitumie hoja kwamba wanafunzi ni wapita njia wasio na haki ya kusikilizwa. Nchini Marekani kaunti moja ya Texas iliwawekea vikwazo vya kujiandikisha kupiga kura wanafunzi wa Prairie View, chuo cha Wamarekani Weusi, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliuthibitisha uamuzi uliowapa haki wanafunzi hao. Hoja ile ilikuwa mbaya kisheria, na kibinadamu ilikuwa mbaya zaidi.

Kuhusu mahakama, jihadharini nayo kama njia ya kwanza. Huko Berkeley, California, wakazi walikishtaki chuo kikuu kwa kupanua udahili bila kupima athari zake kwa mji. Mwaka 2021 jaji aliagiza udahili usizidi kiwango cha mwaka wa masomo uliotangulia, na tarehe 3 Machi 2022 Mahakama ya Juu ya jimbo ikakataa kuusimamisha uamuzi huo. Maelfu ya vijana waliokuwa wakisubiri barua za kukubaliwa wakawa hatarini kukosa nafasi, hasira ya umma ikawageukia wakazi, na mnamo tarehe 14 Machi bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoufuta ushindi huo. Malalamiko yao ya msingi yalikuwa ya kweli, maana Berkeley ilikuwa na uhaba mkubwa wa nyumba. Kilichowaangusha, naona, ni kushika udahili mahali pa vitanda, kwa kuwa udahili una uso wa mtoto wa mtu, na hakuna mtaa unaoweza kushinda ubishi huo mbele ya umma.

Dai la tatu linahusu mpaka wenyewe kati ya kampasi na mtaa. Mwaka 1968 chuo kikuu cha Columbia, mjini New York, kilitaka kujenga jengo la michezo katika bustani ya umma iliyo kati yake na Harlem, eneo la Wamarekani Weusi, likiwa na mlango wa juu kwa wanachuo na mlango tofauti wa chini kwa wakazi, tena kwa matumizi ya sehemu ndogo tu ya jengo. Mpango huo ulichochea maandamano makubwa na ukaachwa. Milango miwili ile ilisema yote ambayo hotuba za chuo zilikuwa zikikanusha. Someni michoro ya majengo mapya kwa jicho hilo: ukuta usio na dirisha unaelekea upande gani, magari ya mizigo yataingilia wapi, uwanja wa michezo utafunguliwa kwa nani na saa ngapi, na je, watoto wenu wataweza kukatiza kampasi kwenda shule au watazungushwa nje ya uzio. Ubelgiji inatoa mfano wa kinyume. Mgogoro wa lugha ulipokigawa chuo kikuu cha Leuven mwishoni mwa miaka ya 1960, upande uliozungumza Kifaransa ulilazimika kuhama, na wapanga mipango wake wakaamua kujenga mji kamili, Louvain-la-Neuve, badala ya kampasi ya peke yake. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1971. Barabara za katikati ni za waendao kwa miguu, magari yamewekwa chini, na nyumba, maduka na kumbi za mihadhara vimechanganywa makusudi ili wakazi wasio wa chuo nao wavutiwe kuishi hapo. Waliofanya hivyo walikuwa na uhuru wa kuanza upya ambao ninyi hamna, lakini nia yao ya kuchanganya watu mnaweza kuidai hata katika jengo moja: ghorofa ya chini iwe ya umma, iwe na zahanati, maktaba ya watoto au maduka ya mahitaji ya kila siku.

Fedha nazo zizungumzwe bila aibu. Katika nchi nyingi ardhi ya chuo haitozwi kodi ya majengo kama nyumba yako inavyotozwa, wakati barabara, mifereji na gari la zimamoto ni vilevile. Mwaka 2021 chuo kikuu cha Yale kilikubaliana na mji wa New Haven kuuchangia takriban dola milioni 135 katika miaka sita, baada ya miaka mingi ya shinikizo la wakazi na vyama vya wafanyakazi. Chuo chenu huenda hakina utajiri wa namna hiyo, lakini kinaweza kulipia magari ya ziada ya taka katika majuma ya kuhama, na kuweka ofisa anayepokea simu ya mkazi usiku na mwenye mamlaka ya kuchukua hatua. Mambo hayo mawili ni rahisi, na yanapunguza kero haraka kuliko mengine yote niliyoyataja.

Onyo moja kabla ya kurudi kwenye nyumba yako. Mafanikio nayo huhamisha watu. Chuo kikuu cha Pennsylvania kilisaidia kuanzisha shule ya umma katika mitaa ya West Philadelphia, iliyofunguliwa mwaka 2001, na kinaendelea kuichangia fedha. Shule ilikuwa nzuri sana, bei za nyumba katika eneo linaloruhusiwa kupeleka watoto pale zikapanda, na familia nyingi za kipato cha chini zikashindwa kuzimudu. Mkifanikiwa kuurudishia mtaa uhai wa familia, wapangaji wa kipato kidogo waliobaki watakuwa wa kwanza kubanwa; watetewe tangu sasa, ndani ya madai yenu yaleyale.

Sasa, kuuza au kubaki. Msiuze kwa hasira ya juma la mwisho wa mitihani, wala msibaki kwa sababu ya kumbukumbu za wazazi peke yake. Angalieni dalili tatu. Ya kwanza ni idadi ya nyumba za familia katika njia yenu: zikiwa zimebaki nusu au zaidi, mtaa bado unaweza kujitetea, zikiwa chache za kuhesabika kwa vidole, hata masharti mazuri yatachukua miaka mingi kuonekana, na watoto wenu watakuwa wamekwisha kukua. Ya pili ni shule ya msingi, hasa darasa la kwanza, kwa kuwa darasa hilo huonyesha mwelekeo miaka kadhaa kabla ya shule nzima. Ya tatu ni mpango wa chuo wenyewe: je, una idadi ya vitanda na tarehe, au una maneno ya kwamba suala la malazi litazingatiwa? Dalili mbili zikiwa njema, ningewashauri mbaki. Zikiwa mbaya zote tatu, kuhama si kushindwa, na watoto wawili wanaohitaji usingizi na marafiki wa rika lao ni sababu tosha.

Lakini kuna jambo ambalo wewe na mume wako mnapaswa kulizungumza kwa uwazi kabla ya kwenda kikaoni. Bei kubwa ambayo mwekezaji yuko tayari kuwapa leo inatokana na uhaba wa vitanda. Chuo kikijenga mabweni ya kutosha, mtaa utapumua na bei hiyo itapungua. Mnaweza kuutetea mtaa kama mahali pa kuishi, au mnaweza kusubiri nyumba ipande thamani kama mali ya kupangisha, ila ni vigumu kuyataka yote mawili kwa dhati. Nimeona kamati za wakazi zikivunjika katikati ya mazungumzo kwa sababu nusu ya wajumbe walikuwa wamekwisha kuzungumza na madalali. Afadhali kila nyumba iseme mapema inasimama wapi. Na kwa wanaobaki ipo njia ya kati ambayo ni ya zamani kuliko mabweni: kumpangisha chumba kimoja mwanafunzi wa shahada ya juu au mhadhiri mgeni, huku familia ikiendelea kuishi humo. Mpangaji anayeishi na mwenye nyumba huwa na mtu wa kumwonya na wa kumjulia hali, na nyumba hubaki ya familia.

Kwa maandalizi ya kikao, pitieni mtaa mzima mkihesabu nyumba za familia na za kupangisha vyumba, na hesabu hiyo ichorwe kwenye ramani ambayo kila mtu ataiona. Mwombeni mwalimu mkuu takwimu za uandikishaji wa darasa la kwanza. Kitakeni chuo, kwa barua na mapema, kiseme kina wanafunzi wangapi wa masomo ya muda wote, vitanda vingapi, na matarajio ya idadi hizo kwa miaka 10 ijayo. Kutaneni na viongozi wa wanafunzi kabla, si ukumbini. Na halmashauri ikilikubali sharti la vitanda, sisitizeni liandikwe ndani ya kibali chenyewe cha ujenzi, kwa idadi na kwa tarehe, kwa sababu likibaki katika barua ya maelewano, uongozi ujao wa chuo unaweza kuiweka kando bila kumwuliza mtu.